Kupima mavuno ya uyoga nyumbani: kwa mfuko, kwa uzito mkavu au kwa siku?

UyogaKimara
Wadau, habari za jioni. Nalima uyoga aina ya mamama kwenye chumba cha uani, na mzunguko huu nimeandika kila kitu daftarini kwa sababu nimechoka kubahatisha. Nilitaka kujua kipi kinazaa zaidi, mabua ya mpunga au majani makavu ya mgomba. Mbegu nilichukua sehemu moja siku moja, nikachemsha kwenye pipa lilelile, na kila mfuko nikaujaza kilo 3 za malighafi iliyokwisha lowa.

Mabua ya mpunga, mifuko 10: mvuno wa kwanza kilo 4.9, wa pili 2.4, wa tatu 1.1. Jumla kilo 8.4.
Majani ya mgomba, mifuko 10: kilo 4.6, 1.9 na 0.7. Jumla kilo 7.2.

Yaani gramu 840 kwa mfuko dhidi ya 720. Kwa hesabu hii mpunga umeshinda, na huku kwetu mabua nanunua wakati majani ya mgomba napewa bure na jirani. Kabla sijaamua, nyie mnapima kwa mfuko au mna njia nyingine?

Kipara_Mbeya
Mimi napima kwa mfuko tu, mkuu. Rahisi na inaeleweka.

MamaWanne_Moro
Mwanangu, kipimo cha mfuko kinafaa ukilinganisha mifuko ya malighafi moja. Ukishakuwa na malighafi mbili kinakudanganya. Zile kilo 3 ulizojaza sehemu kubwa ni maji, na chakula cha uyoga ni yale mabua yenyewe. Jani la mgomba linanyonya maji sana kuliko bua la mpunga, kwa hiyo mifuko yako haikubeba chakula sawa hata kama mizani ilisoma namba ileile.

Gawanya uzito wa uyoga mbichi kwa uzito wa malighafi ikiwa kavu, kisha zidisha kwa 100. Wataalamu wanauita ufanisi wa kibiolojia. Kujua uzito mkavu, chukua gramu 200 za malighafi siku ileile unapojaza, anika juani hadi mizani isishuke tena.

UyogaKimara
Shikamoo mama. Sampuli hizo nilianika! Niliandika namba nikaziacha, sikujua zinaingia wapi. Gramu 200 za mpunga zilibaki 70, za mgomba zilibaki 54.

MamaWanne_Moro
Marahaba. Basi kazi umeshaifanya. Mfuko wa mpunga ulikuwa na kilo 1.05 kavu, wa mgomba kilo 0.81. Gramu 840 kwa 1,050 ni asilimia 80. Gramu 720 kwa 810 ni asilimia 89. Majani ya jirani yamezaa vizuri kuliko ulivyodhani.

MgeniBandani
Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Kuna mtu aliniambia kapata asilimia 120. Inawezekanaje kuvuna zaidi ya ulichoweka?

Kipara_Mbeya
Uyoga mbichi ni maji karibu asilimia 90, mdogo wangu. Ukivuna kilo 1.2, ukiukausha unabaki na gramu 120 hivi. Maji mengine yote yametoka kwenye mfuko na kwenye unyunyizaji wako. Juu unaweka mbichi, chini unaweka kavu, ndiyo maana namba inavuka 100. Anayeuza uyoga mkavu analijua hili vizuri, kilo moja inakula kilo kumi za mbichi.

Daftari_Arusha
UyogaKimara, hongera kwa kuandika. Naomba ujibu jambo moja: ulianza na mifuko 10 na 10 kweli, au hiyo 10 ni iliyozaa?

UyogaKimara
Ya mgomba ilikuwa 12. Miwili ilishika ukungu wa kijani wiki ya pili, nikaitoa nje haraka nikaifukia ili isiambukize mingine. Sikuihesabu kwa sababu haikuzaa.

Daftari_Arusha
Hapo ndipo wengi tunapojidanganya, na naomba tulichukulie kwa uzito. Mifuko ile miwili ilikula mbegu, kuni, nailoni na nguvu zako. Lazima iwe kwenye kigawanyo. Kilo 7.2 kwa mifuko 12 ni gramu 600, na 600 kwa 810 ni asilimia 74. Mpunga haukupoteza hata mfuko mmoja, umebaki na asilimia 80.

Tazama pia sampuli yako ya mgomba. Gramu 54 kutoka 200 maana yake maji yalikuwa asilimia 73, wakati mpunga ulikuwa 65. Mfuko uliolowa mno unakosa hewa ndani, utando mweupe wa uyoga unatambaa polepole, na ukungu wa kijani unapata nafasi. Kwa hiyo mimi nisingesema majani ya mgomba ni mabaya. Ningesema hayakukamuliwa vya kutosha. Kabla ya kujaza, bana konzi moja kwa nguvu: yakitoka matone mawili matatu, jaza. Maji yakichuruzika mkononi, anika kwanza.

MamaWanne_Moro
Hapo umenizidi, Daftari. Mimi nilipokea namba zake bila kuuliza mifuko iliyokufa. Nakubali, ihesabiwe yote.

Kipara_Mbeya
Na mnapimaje uyoga wenyewe? Nauliza kwa sababu nimewahi kupima kitita kimoja mara tu baada ya kunyunyiza, mizani ikasoma gramu 310. Nikakiweka kwenye wavu kivulini, baada ya saa moja kikasoma 284. Sijakata kitu. Zile 26 zilikuwa maji ya bomba. Siku hizi sinyunyizi asubuhi ya kuvuna, nakata lile guu gumu lenye mabaki ya mabua, ndipo napima. Mteja halili guu lile, kwa nini nilihesabu kama mavuno?

UyogaKimara
Mimi nilipima na guu lake, mifuko yote. Angalau nilifanya hivyo kwa pande zote mbili.

Daftari_Arusha
Kwa kulinganisha ndani ya daftari lako haina shida. Ila usiziweke namba hizo karibu na za mtu anayekata.

ChumbaKidogo
Naomba niongeze kipimo cha siku, kwa sisi ambao nafasi ndiyo tatizo. UyogaKimara, mvuno wa pili na wa tatu wa mpunga ulimaliza siku ya ngapi tangu kujaza?

UyogaKimara
Wa pili siku ya 48, wa tatu siku ya 66.

ChumbaKidogo
Basi hadi siku ya 48 ulikuwa na kilo 7.3, sawa na gramu 152 kwa siku. Ukasubiri siku 18 nyingine kwa kilo 1.1, wastani ukashuka hadi gramu 127. Mimi mvuno wa pili ukiisha nautoa mfuko, naingiza mpya. Mifuko iliyochoka naipeleka bustanini, mchicha unaipenda.

MamaWanne_Moro
Hiyo ni sawa kama mbegu unazipata kwa wakati na kuni hazikuumizi. Kwangu mbegu nazifuata mbali, kwa hiyo mvuno wa tatu nauvuna wote. Ule ni uyoga ambao gharama yake nilishailipa. Uangalie tu usikae na mfuko uliozeeka hadi ulete inzi wadogo wakahamia kwenye mifuko michanga.

UyogaKimara
Nimeelewa, na nawashukuru sana. Jumamosi najaza upya, mifuko 12 ya mpunga na 12 ya mgomba. Mgomba naukamua na kuupima kwa konzi kabla haujaingia mfukoni, sampuli nne nitaanika badala ya mbili, na kila mfuko utakuwa na namba yake kwa kalamu ya wino mzito, uzae au ufe. Safu ya siku naiongeza. Bado sijaamua kuhusu mvuno wa tatu. Kilo 1.1 ni mboga ya nyumbani kwangu ya siku kadhaa, na watoto wanaipenda.