Mgombea wa kila uchaguzi kwa chama kidogo: hukwama wapi, na hufika wapi? (Ilemela, Mwanza)

Mdau_Pasiansi

Wakuu, salaam. Kuna kijana wa chama kidogo sana, chama ambacho Ilemela nzima hakina diwani hata mmoja. Anataka ubunge, na amesema wazi kwamba akikosa atarudi tena na tena. Majirani wanamwambia anapoteza muda. Naomba wanaoijua njia hii waeleze: wagombea wa aina yake hukwama wapi hasa, na yupo aliyewahi kufika popote kwa kugombea kila uchaguzi? Tujadili kazi yenyewe, ushabiki wa vyama tuuweke kando.

Kalamu_ya_Bluu

Mkuu, wengi wao hawashindwi kwenye sanduku. Wanashindwa mezani, kwenye fomu, kabla karatasi ya kura haijachapwa.

Ubunge ni Fomu Na. 8B. Inataka wadhamini wasiopungua 25, wote wawe wamejiandikisha kupiga kura ndani ya jimbo hilohilo. Hapo ndipo Ilemela inapowaumiza watu. Mgombea anakwenda Mwaloni Kirumba asubuhi, anapata saini 25 ndani ya saa moja, anarudi anashangilia. Kumbe nusu ya waliosaini wamejiandikisha Sengerema, Ukerewe au Musoma, hapo Kirumba wamekuja kuuza dagaa tu. Na mpaka Nyamagana ni kuvuka barabara, lakini ni jimbo jingine.

Kwa hiyo akusanye watu 40 kwenye daftari la kawaida kwanza. Namba ya kadi ainakili huku kadi yenyewe iko mkononi, asikubali kusomewa kwenye simu. Halafu awahakiki mmoja mmoja kwenye daftari la wapiga kura, na waliothibitika ndio wahamie kwenye fomu. Asiishie 25 kamili, maana mmoja akianguka fomu nzima imeanguka. Aulize pia kama mdhamini hajamsainia mgombea mwingine.

Majina nayo yaandikwe kama kadi inavyosema. Kadi imeandika Ngwandu, mwenyewe anaandika Ng'wandu. Kadi imeandika Mhoja, yeye anaandika Muhoja. Mtu wa kwetu haoni tofauti yoyote, ila mwenye kutafuta pingamizi anaiona.

Baada ya hapo kuna kiapo mbele ya hakimu, uthibitisho wa katibu wa chama wa wilaya, na dhamana ya sh. 50,000 ambayo lazima ipewe stakabadhi. Udiwani dhamana yake imekuwa sh. 5,000, urais 1,000,000. Ipo pia Fomu Na. 10 ya kukubali maadili ya uchaguzi, ambayo wengi huiona karatasi ya ziada. Siku ya uteuzi mwisho ni saa 10 jioni. Kwa chama kidogo kinachompata katibu wake kwa shida, asisubiri siku hiyo. Aende siku mbili kabla, amwombe msimamizi wa uchaguzi aikague fomu, ili akirudishwa awe na muda wa kurekebisha. Pingamizi hupokewa hadi saa 10 jioni ya siku inayofuata, kwa hiyo asizime simu wala asisafiri. Mwaka 2020 wagombea wengi wa upinzani nchini walienguliwa kwa hoja za namna hii, na waliotunza nakala ya kila ukurasa ndio waliokuwa na cha kukatia rufaa Tume.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Nijibu swali la kufika popote, maana watu hulijibu kwa kucheka na halistahili kicheko.

Mtazameni Augustino Mrema. Urais 1995 kupitia NCCR-Mageuzi alipata karibu asilimia 28. Mwaka 2000 akiwa TLP, karibu 8. Mwaka 2005 hata asilimia 1 hakuifikia. Mwaka 2010 akaacha urais, akashuka jimboni Vunjo, akashinda. Jirani zetu wa Bariadi wana mfano wao: John Cheyo wa UDP aligombea urais 1995 na 2000, mara ya kwanza akapata karibu asilimia 4, lakini bungeni aliingia kwa kura za Bariadi Mashariki, kwa watu waliomjua kwa sura. Profesa Lipumba amesimama mara tano: 1995, 2000, 2005, 2010 na 2020. Hashim Rungwe alisimama 2010 kwa NCCR, kisha 2015 na 2020 kwa CHAUMMA. Kura za taifa hazikuwapa Ikulu, na Katiba hairuhusu mtu kugombea urais na ubunge kwa pamoja, kwa hiyo kila mara unachagua unachokiacha.

Kwa maoni yangu aliyefika mbali kuliko wote ni Mchungaji Christopher Mtikila wa DP, na hakufika kwa kura. Chama chake kilikaa miaka mingi bila usajili, kwa sababu sheria ya wakati huo ilitaka wanachama 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Yeye hakuutambua Muungano, hivyo sharti hilo la Zanzibar hakulikubali. Kilisajiliwa 2002, akagombea urais 2005, akapata chini ya asilimia 1. Lakini kesi yake ya mgombea binafsi, yaani anayegombea bila chama, alishinda Mahakama Kuu 1994, Katiba ikabadilishwa kuizuia, akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema Tanzania imevunja haki. Alifariki Oktoba 2015 kwa ajali ya gari. Mgombea binafsi bado haruhusiwi, ila hakuna anayeweza kuizungumzia hoja hiyo leo bila kumtaja.

Jambo jingine: kizingiti cha asilimia 5. Chama kisipofikisha asilimia 5 ya kura halali za wabunge hakipati viti maalum. Ndiyo maana vyama vidogo huwasukuma watu kusimama hata pasipo na tumaini, kila kura ya jimbo inahesabika huko juu. Kijana aulize mapema chama chake kinamtaka kwa lipi.

Taa_ya_Karabai

Kampeni ni saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kwa mialo ya Kayenze na Igombe hiyo ni ratiba ngumu. Siku za giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa dagaa wako ziwani usiku kucha, asubuhi wanashusha, kina mama wanaanika, na kufika saa 4 wanaume wamelala. Ukiweka mkutano saa 5 utahutubia nyavu. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kupeleka ratiba kwa msimamizi: siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, mitumbwi iko nchi kavu na watu wako macho.

Mawakala ndio mzigo mkubwa. Majina yao yafike kwa msimamizi si chini ya siku 7 kabla ya kura, na lazima waapishwe. Tuseme vituo ni 500 na kila wakala unampa sh. 20,000 ya chakula na nauli: hiyo ni milioni 10 kwa siku moja. Kwa chama kidogo haiwezekani, na kupeleka mawakala 60 waliotapakaa hakusaidii. Ni bora kata mbili zilizojaa kila kituo. Ndiyo sababu ningemshauri aanze na udiwani: wadhamini 10, vituo vinavyofikika kwa bodaboda, na ushindi unaowezekana.

Mdau_Pasiansi

Nashukuru sana. Akishindwa na akaamini ameonewa?

Kalamu_ya_Bluu

Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu matokeo kutangazwa. Dhamana ya gharama inaweza kufika milioni 5 kwa kila mjibu maombi, na kwa kawaida huwa zaidi ya mmoja, ingawa unaweza kuomba mahakama ipunguze. Ushahidi wake ni Fomu Na. 21B, matokeo ya ubunge kituoni (21A ni ya urais, 21C udiwani). Wakala asitoke kituoni bila nakala iliyosainiwa, na aipige picha palepale kabla haijaloa jasho mfukoni.

Hata asipokwenda mahakamani azitunze hizo nakala. Azipange kata kwa kata. Kituo alichopata kura 40 bila kufanya mkutano hata mmoja, hapo ndipo pa kuanzia safari ijayo.