Naomba ushauri: pikipiki ya marehemu baba haichaji betri

Habari zenu wakuu. Nipo Uyole, Mbeya. Nina pikipiki ya mwaka 1978, volti 12, aliyoniachia marehemu baba, na sitaki kabisa kuiona ikiozea uani.

Juzi usiku nikiteremka kwenda Tukuyu, taa ilififia taratibu, honi ikakata, na kufika Kiwira injini ikaanza kukohoa hadi ikazima. Fundi akasema ni betri. Nimenunua mpya, bado vilevile: asubuhi inasoma 12.6, nikiwasha inashuka 12.2, na hata nikivuta mafuta haipandi. Najua ingepaswa kufika kama 14.

Nikachomoa zile nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili ya chaji, nikapima volti za AC (umeme wa mkondo geu) huku nimevuta mafuta. Jozi moja volti 48, mbili zilizobaki 20 tu. Injini ikiwa baridi hakuna waya unaogusa bodi, lakini ikishapata moto, waya mmoja unalia kwenye mita. Nimerudia mara tatu.

Je, ni koili peke yake, au regulata (kidhibiti cha chaji) nayo imekufa? Na fundi wa kusuka mota pale Mwanjelwa anaweza kuisuka upya ikastahimili joto la injini? Aliyewahi kusukisha, alitumia waya wa unene gani?