Napiga gitaa, nataka kuingia kwenye taarab: udi, kanuni au fidla?

Gitaa_Tanga: Habari zenu wakuu. Gitaa nimelipiga miaka mingi kwaya ya kanisani, sasa nimezama kwenye taarab asilia. Kati ya udi, kanuni na fidla, ni kipi gitaa litanirahisishia? Naona udi una shingo na nyuzi, nahisi nusu ya safari nimeshaimaliza.

BintiShangani: Mkono wa kulia, sawa. Kuchapa uzi, kushika mapigo, kuhama uzi bila kutazama, hayo unakuja nayo. Kazi iko kushoto. Shingo ya gitaa ina vyuma. Ukibana popote kati ya viwili, sauti ni ileile. Udi hauna. Kidole kikisogea kidogo tu, umeshatoka nje. Na yale mazoea ya kubana nyuzi nyingi kwa pamoja yaweke kando, udi unafuata melodi.

KinandaBububu: Mimi nilitoka kwenye kinanda nikaingia kanuni, lile sanduku bapa la nyuzi, sijutii. Sauti zimepangwa tayari, chini hadi juu, kila moja nyuzi tatu, na kuna vibao vidogo vya kuipandisha au kuishusha. Ila nyuzi ni zaidi ya 70, kuziweka sawa tu ni somo zima.

Upinde: Fidla nayo haina vyuma, na upinde utaanza nao sifuri. Gitaa halitakufaa sana.

MwalimuNyuzi: Nimefundisha udi wapiga gitaa, na vijana wa kasida pia. Mwanzoni wa gitaa hutangulia, tena mbali. Halafu tunafika Rast, mojawapo ya makam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Ikianzia Do, Mi yake inakaa kati ya Mi na Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu sauti), na gitaa la kawaida halina sauti hiyo. Mpiga gitaa huivuta hadi kwenye Mi aliyoizoea, akaridhika. Kijana wa kasida hajawahi kushika uzi, lakini sauti hiyo ameiimba tangu madrasa. Kidole kinahangaika, kinaipata, naye anajua kimeipata. Kwangu mimi, ndugu wa karibu wa udi ni kuimba, gitaa linafuata.

Gitaa_Tanga: Kwa hiyo mwalimu, niimbe kwanza?

MwalimuNyuzi: Vyote pamoja. Chukua udi. Imba Rast kupanda na kushuka, kisha itafute kwenye uzi mmoja, polepole. Na usibandike alama shingoni, macho yatalifanyia sikio kazi yake.