Ushauri: Mgeni anataka nimchongee meli ya kijasusi, si jahazi

FundiWaLangoni: Salamu wanajamvi. Nachonga majahazi ya mapambo hapa Lamu. Juzi mzee mmoja wa Marekani kaniletea picha iliyopauka: meli ya kijivu, mizinga haina, imejaa milingoti na dude kama dishi. Inaitwa USS Liberty, kakake alikuwa baharia humo. Ati kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kusikiliza nini huko baharini? Na kazi hii niichukue au nimwache aende zake?

BahariaMstaafu: Ichukue, mwanangu. Ilijengwa 1945 kubeba mizigo, baadaye jeshi likaigeuza sikio: inapita polepole mbali na pwani ya watu, inanasa redio na rada zao. Sura yake yote ni antena. Silaha ilikuwa nazo bombomu nne tu, ndiyo maana tarehe 8 Juni 1967, ndege na boti za Israel zilipoivamia karibu na Sinai, haikuwa na la kujibu. Walikufa 34, wakajeruhiwa 171. Israel, iliyokuwa vitani na Misri, ilisema iliidhania meli ya Misri, ikaomba radhi. Manusura wengi hawajaridhika hadi leo.

KifuuChaNazi: Pole zao. Tuje kwenye vipimo. Urefu mita 139, ukigawa kwa 200 ni sentimita 69 na ushei, inakaa mezani vizuri. Mbao ya mwembe. Antena tumia spoku za baiskeli. Dishi litakuwa sentimita 2 na nusu: kata kipande cha kifuu, piga msasa, mviringo tayari unao. Lile la meli yenyewe lilikuwa likituma ujumbe kwa kuudundisha mwezini! (Usiyaseme haya barazani usiku, wataulizana umekula nini.) Na pesa chukua nusu kabla. Wageni huondoka na ndege ya asubuhi.

Ngomeni_Kwetu: Sisi huku Malindi madishi tumeyazoea tangu Waitaliano waliporusha setilaiti ya Uhuru 1970. Swali langu: tundu la topido, lile kombora la majini lililoitoboa siku hiyo, utaliweka? Ubavu wa kulia, upana kama mita 12. Kwako sentimita 6.

FundiWaLangoni: Shukran mzee wangu, shukran nyote. Habari ya tundu nimemuuliza yule mgeni. Akanyamaza, akaichukua picha, akaifuta kwa kiganja. Kasema kakake alipoipanda ilikuwa nzima, niichonge nzima, ila nisisahau namba yake, GTR 5, kwenye omo, yaani mbele ya meli. Nusu ya pesa kanipa. Kifuu ninacho, spoku naenda kuomba kwa fundi baiskeli.