Asilimia 10 kila mwezi, inawezekana kweli? Naomba ushauri

Asalaam alaykum wakubwa, mie nipo Wete, nina milioni mbili za karafuu nimeziweka tu ndani, sasa mtoto wa ami yangu anafanya foreksi (kununua na kuuza fedha za kigeni) kwa simu anasema nimpe atanizalishia asilimia 10 kila mwezi na faida isitolewe, iachwe izae tena. Juzi barazani kanionesha skrini, kijani tupu, yaani faida tu, nikamuuliza siku za hasara ziko wapi akacheka akafunga simu.

Usiku nikashika kalkuleta, kwa mwaka ni zaidi ya mara tatu, miaka mitano milioni mbili inakuwa milioni 600 na ushei! Warren Buffett mwenyewe, yule bingwa wa uwekezaji wa Marekani, wastani wa kupanda hisa za kampuni yake tangu 1965 ni kama asilimia 20 kwa mwaka, na huyu wetu bado ananiomba bando. Yule tapeli Madoff wa Marekani nae alikuwa akiwaonesha wateja wake faida haziyumbi, 2008 ikajulikana anachukua pesa za hawa anawapa wale.

Mnaofanya foreksi mwaka wa tatu wa nne, faida hizi zinakaa kweli? Na nikikataa nimwambieje ami, maana shamba la mikarafuu ni letu sote na keshaanza kununa.