Naomba ushauri: mahindi niuze sasa au nisubiri Januari?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania, nina magunia 140 ya mahindi stoo. Madalali wanapita kila siku na bei yao ya kukatisha tamaa, maana huku wote tumevuna kwa mkupuo na kila mtu anataka hela.

Kwa kawaida bei hupanda kuanzia Desemba hadi Februari, ghala zikianza kukauka. Kinachonitia wasiwasi ni jirani zetu. Mwaka 2024 ukame uliwaunguzia mahindi Zambia, wakaja kununua kwetu. Mwaka 2025 wakavuna kwa rekodi. Sasa nikikaa na mzigo halafu wao wana mahindi yao, nitamuuzia nani? Kenya nako sisahau Machi 2021, walipozuia mahindi yetu ghafla kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka.

NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, nimewafikiria, ila lazima yakauke vizuri na yapepetwe, na mimi turubai ninalo moja tu.

Nawaza kuuza 60 nilipe deni la mbolea, mengine niyatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Dumuzi waliwahi kunigeuzia magunia kuwa unga! Aliyewahi kutumia mifuko hiyo, inafika miezi sita kweli? Na gharama yake inarudi?