Mrejesho: Kemo ya kaka akiwa kwenye ARV

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama kaka, mwenye VVU na limfoma (saratani ya tezi za limfu), aache ARV wakati wa kemo, yaani tiba ya saratani kwa dawa mchanganyiko. Uliyesema tubebe makopo yote ya dawa zake kwa daktari wa saratani, ubarikiwe sana. Aligeuza kopo moja, akasoma ritonavir, akashtuka: hiyo ARV huzuia ini kuvunja vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo yake, sumu inazidi mwilini. Akabadilishiwa akapewa ARV nyingine, dolutegravir, ARV hakuacha hata siku moja. Mizunguko 6 ya kemo imeisha, uvimbe wa shingoni haushikiki tena. Ila mzunguko wa 3 ulisogezwa mbele wiki nzima, maana chembe nyeupe za damu zilishuka. Ganzi ya vidole bado ipo. Vifungo vya shati namfungia mimi. Na tangawizi kwa kichefuchefu? Haikufua dafu. Asanteni.